Gunzi Kwenye Mtutu

Kinole, Morogoro
14 Januari 1979

Kaka Benedikto,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mama amekaa hapa pembeni ananisimamia kama mwalimu, na kila mstari anauliza nimeandika nini. Anasema nikwambie anakula vizuri, miguu haimsumbui, na wewe uvae sweta.

Tangu lori liwachukue ninyi wanamgambo mwezi wa kumi na moja, kijiji kimebaki na wanawake, wazee na Laurenti. Hayo ni maneno ya Mama, si yangu. Mume wangu ana mguu mbovu, hakuuomba. Lakini ni kweli tumebaki wachache, na wezi wamelijua hilo. Wiki iliyopita walivunja nyumba ya Paskalia mchana kweupe, mwenyewe yuko shambani, wakabeba masufuria na redio. Nguruwe nao wanateremka hadi kwenye mahindi ya nyuma ya jiko.

Mama anataka gobore lako lishushwe ukutani liwe tayari. Mimi naliogopa. Laurenti hajui bunduki, yeye ni mtu wa kabichi kama walivyo wenzake wa Mgeta. Tuandikie namna ya kulishika na kulitunza, maana limeanza kupata kutu.

Mama na Laurenti hawajapatana bado kuhusu shamba la chini. Huu ni mwaka wa tatu anaomba apande kabichi pale kijitoni. Mama anajibu kwamba ardhi ya ukoo wetu si darasa la watu wa Mgeta. Tangu Krismasi wanasalimiana tu. Nimekaa katikati yao, na pale katikati hapana raha.

Felista anakusalimu mjomba wake. Rudi salama.

Mdogo wako,
Theresia


Vitani
2 Februari 1979

Theresia mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwambie Mama sweta nimevaa, tena mbili.

Nimecheka kusikia Mama anataka bunduki. Msomee haya, na shemeji awepo asikie. Mtu anayelinda nyumba huanza na masikio. Mbwa wetu ana bweko lake la nyani, la mgeni, na la mtu anayemjua lakini hampendi. Lisikilizeni. Ukisikia mtu nje, kwanza jua kila mtu wa nyumbani yuko wapi: Felista yuko wapi, Mama yuko wapi, shemeji katoka kwenda wapi. Kisha uliza jina kwa sauti, mara tatu. Mwenye jina atajibu. Na asiyejibu si lazima awe mwizi, huenda ni bibi kiziwi amekuja kuomba moto. Kama ni mwizi kweli, funga komeo upige kelele majirani waje. Masufuria yananunuliwa. Bunduki haina jamaa, ikishatoka imetoka.

Sasa gobore lenyewe. Mdomo wa mtutu uangalie juu au chini, usimwangalie mtu hata kama ni mzaha. Baruti iko kwenye kibuyu juu ya dari, na fataki zote za kuiwashia ziko kwenye kopo la kahawa. Visikae pamoja.

Kujua kama lina mzigo ni rahisi. Nikishashindilia baruti na risasi, nachomeka gunzi la muhindi mdomoni mwa mtutu. Lenye gunzi lina mzigo. Lisilo na gunzi ni tupu. Kwenye mgambo nawafundisha vijana kupima kwa fimbo ya kushindilia: itumbukize mtutuni, ikifika kwenye alama ni tupu, ikiishia njiani kuna kitu. Lakini ninyi msihangaike na fimbo. Tangu Mjomba Severini anikabidhi gobore lile sijasahau gunzi hata siku moja, na Mama ni shahidi.

Kutu isiachwe. Shemeji alipanguse kwa kitambaa, ainue nyundo ya gobore apake mafuta kidogo chini yake, alitundike tena. Akiweza kabichi ataweza na hilo.

Mwambieni Mama ampe huyo mtu shamba. Au asimpe, ila wacheke.

Kaka yako,
Benedikto


Kinole
11 Machi 1979

Baba Felista,

Sijui barua ya mke kwa mume aliye mahabusu huanzaje. Naanza hivi hivi.

Mama tulimzika Jumatatu, wewe ukiwa umeshapelekwa mjini. Padri alikuja. Watu walijaa hadi kwenye migomba. Felista hajauliza uko wapi, na afadhali angeuliza.

Nataka uniambie kweli. Barua ya Kaka ilipofika nilikusomea mwenyewe, mstari kwa mstari. Jumamosi ile kabla hujalishusha gobore nilikwenda kulitazama. Halikuwa na gunzi. Nikakwambia liko tupu, lipanguse, nikatoka kwenda kuchota maji. Sasa baruti iliingiaje? Kaka hasahau. Mama hakuwa na nguvu ya kushindilia. Mimi silisogelei. Umebaki wewe.

Na kuna jingine. Nilikuwa nimerudi, nimefika kwenye migomba na ndoo kichwani, nikakusikia ukicheka. Ulicheka, kisha ukaja ule mlio. Miezi miwili hukuwa umecheka ndani ya nyumba ya Mama. Nilimwambia Mjomba Severini, na Mjomba amewaambia polisi. Sasa ukoo mzima unasema Laurenti alimwua mkwewe kwa sababu ya shamba, akacheka.

Nilikuleta mwenyewe kwenye ardhi yetu nikiwa na miaka kumi na tisa. Wazee waliuliza, huyu unamjua? Nikasema namjua. Sasa nalala kwenye kitanda tulichochonga wote na sijui kama nilisema kweli.

Kaka hajaambiwa. Mjomba amekataza. Anasema mtu aliye vitani hapelekewi msiba, mkono wake utatetemeka.

Theresia


Mahabusu, Morogoro
25 Machi 1979

Mama Felista,

Barua zinasomwa hapa kabla hazijatoka, kwa hiyo nasema machache.

Sikushindilia gobore. Sijui hata baruti inapimwa kwa nini, kwa kijiko au kwa kiganja. Niliinua nyundo kama alivyoandika shemeji, nipake mafuta. Chini yake palikuwa na kikofia kidogo cha shaba nikadhani ndivyo bunduki ilivyoumbwa. Nilijuaje kwamba hiyo ndiyo fataki? Aliandika fataki zote ziko kwenye kopo. Kidole gumba kilikuwa na mafuta, nyundo ikaniponyoka.

Kosa langu ni kwamba mtutu ulimwelekea Mama. Hilo nalikubali, na kila siku nalikubali upya.

Ndiyo, nilicheka. Mama aliniambia neno. Nikilisema leo utasema nimelitunga humu ndani ili nitoke, kwa hiyo acha nikae nalo.

Muulize Benedikto kama aliliacha tupu. Msimwambie kwa nini, kama hamtaki. Muulizeni tu.

Mbegu zangu za kabichi ziko kwenye chupa, nimeichomeka kwenye makuti juu ya kitanda. Zisiingie maji. Masika haya paa litavuja upande ule na mimi sipo wa kuliziba.

Laurenti


Vitani
20 Aprili 1979

Theresia,

Mbona kimya? Wenzangu wanapata barua, mimi napata salamu za wenzangu. Mmesikia redioni mji wao mkuu umeanguka. Si muda mrefu tutarudi, Mungu akipenda.

Nimempatia Mama blanketi zito, la rangi ya udongo, halionyeshi uchafu. Mwambie litamfaa wakati wa ukungu wa mwezi wa saba. Jana tulipika chai kwenye kopo, ikanuka moshi vibaya, na wenzangu wakaimwaga. Mimi nikainywa yote, maana ndivyo ya Mama inavyonuka.

Shemeji amepewa shamba au bado? Gobore mlilipangusa?

Benedikto


Kinole
13 Mei 1979

Kaka Benedikto,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, mvua zimekata njia na posta hatushuki.

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Anasema blanketi ulilete mwenyewe kwa mkono wako, usimpe mtu, watalibadilisha. Laurenti yuko mjini kwa shughuli. Mahindi si mabaya.

Kaka, nina swali, si la maana sana. Siku ile lori lilipowachukua, gobore uliliacha tupu? Nauliza tu kwa sababu ya kutu. Fikiri vizuri kabla hujanijibu.

Theresia


Vitani
4 Juni 1979

Theresia,

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikasema, huyu ananiuliza jambo gani, mimi Benedikto? Nikaiweka mfukoni. Siku ya tatu nikiwa nafua nguo nikalikumbuka gunzi, nikaziacha nguo majini.

Asubuhi ile nguruwe waliingia kwenye mahindi. Nilishindilia gobore mlangoni, nikaweka na fataki kabisa, tayari kutoka. Nguruwe wakakimbia kabla sijafika. Nikarudi nalo lina mzigo. Baruti ilikuwa haba dukani, nikaona kuifyatua hewani ni hasara, nichomeke gunzi nilitundike. Gunzi lilikuwa mkononi, Theresia. Mama alikuwa anahangaika na moto jikoni, kuni mbichi, anataka ninywe chai kabla ya safari. Akaniambia, mwanangu, nipe hilo gunzi niwashie. Nikampa. Nikasema nitachukua lingine. Lori likapiga honi pale shuleni, mimi nikakimbia na chai haikuchemka.

Kwa hiyo gobore lina mzigo na halina gunzi, na mimi nikawaandikia kwamba lisilo na gunzi ni tupu. Msiliguse! Asilipanguse mtu! Mwite mzee yeyote aliyewahi kuwinda, alitoe fataki kwanza, alipeleke bondeni mtutu ukiangalia ardhini. Lile la fimbo nililowaambia msihangaike nalo ndilo la kweli. Gunzi ni ishara tu, na ishara anaiweka mtu, na mtu anaitwa kwenda kunywa chai. Nimewafundisha vijana zaidi ya sitini wapime kwa fimbo, kisha nyumbani kwetu nikataka niaminiwe mimi.

Sijalala vizuri. Niandikie upesi kwamba hamjaligusa. Mwambie Mama nakuja kumsema, ndiye aliyelichoma gunzi langu.

Benedikto


Kinole
27 Juni 1979

Kaka Benedikto,

Keti chini kama umesimama.

Mama alifariki tarehe 24 Februari. Laurenti alikuwa analipangusa gobore kwa maagizo ya barua yako. Mimi ndiye niliyetazama nikasema liko tupu. Laurenti yuko mahabusu tangu siku hiyo kwa kesi ya mauaji, na aliyempeleka kule ni mdomo wangu. Salamu zote za Mama nilizokuandikia mwezi wa tano nilizitunga mimi, nikilia.

Barua yako nilikaa nayo siku mbili. Nilimwonyesha Mjomba Severini. Aliisoma polepole, kisha akaniambia niichome. Alisema mwana wa ukoo yuko vitani anapigania nchi, na yule mwingine ni mtu wa kuja. Ukoo usimtoe mtoto wake kumwokoa mgeni. Nilimheshimu Mjomba maisha yangu yote, Kaka. Jiko lilikuwa linawaka mbele yetu. Niliishika ile karatasi karibu na moto hadi vidole vikaniungua, nikafikiria gunzi.

Nimeshuka nayo kwa miguu hadi barabarani, nimeipeleka polisi Morogoro. Wanataka pia maelezo yako.

Nakupenda wewe kaka yangu. Lakini sikuweza.

Theresia


Vitani
18 Julai 1979

Theresia,

Nimeipata.

Nimeandika maelezo kwa mkono wangu, kurasa mbili, na mkubwa wangu ametia sahihi. Yametumwa Morogoro. Nimeandika kwamba kosa ni langu lote, la gunzi na la barua.

Ulifanya vema kutoichoma. Blanketi nimempa mwenzangu. Kaburi liko upande gani wa nyumba? Sitaki nifike nianze kuuliza watu.

Benedikto


Mgeta
9 Septemba 1979

Mama Felista,

Shauri lilifutwa tarehe 22 Agosti. Nilisikia ulikuja kunipokea siku iliyofuata ukanikosa. Nilikuwa nimeshapanda gari la mchana kuja huku kwa mama yangu. Sikukukimbia. Nilisimama pale njia panda, nikautazama mlima wa kwenu, mguu ukakataa.

Sasa hakuna wa kusema natunga ili nitoke, kwa hiyo nakwambia lile neno. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, gobore mapajani, mtutu unaangalia ukuta, haumwangalii mtu, kama alivyoagiza shemeji. Mama akaja akasimama mlangoni na ungo wa maharage. Akaniangalia weee. Akasema: "Laurenti, mwaka huu panda hizo kabichi zako kule chini. Nimechoka kushindana na mtu mkaidi kuliko mimi. Ila ile ya kwanza kufunga kichwa ni yangu, na usiniletee ndogo."

Ndipo nilipocheka. Nikageuka nimwone usoni, na mtutu ukageuka pamoja nami. Sikuufikiria, nilishaambiwa liko tupu. Mtu akiambiwa hivyo mkono unasahau adabu.

Alikufa tukiwa tumepatana, Theresia. Watu wawili tu duniani walijua hilo, na mmoja ni marehemu. Miezi sita nililala sakafuni na neno lile kama mtu aliyeficha mali. Benedikto namwelewa, alisahau gunzi, na mimi nimewahi kusahau mengi. Wewe sijui nikueleweje. Uliwahi kunisikia nikicheka kwa ubaya?

Mbusu Felista.

Laurenti


Kinole
30 Septemba 1979

Baba Felista,

Hapana. Sijawahi kukusikia. Miaka kumi na tano nimekaa nawe, na siku moja kicheko chako nikakidhania cha mwuaji. Sina la kujitetea. Nilikuwa na mama wa kumlilia nikatafuta wa kumlaumu, nawe ulikuwa karibu.

Kaka amerudi wiki mbili zilizopita. Alikwenda kaburini moja kwa moja na mzigo mgongoni. Gobore polisi walilirudisha, amelikabidhi kwa mwenyekiti wa kijiji, hatutaki kuliona. Kabla ya kulitoa mkononi alitumbukiza fimbo mtutuni, ikafika kwenye alama. Akaitoa, akaitumbukiza tena. Akarudia hadi mwenyekiti akamshika mkono, akamwambia, ndugu, basi.

Barua yako nimeisoma mbele ya ukoo. Nilipofika kwenye "usiniletee ndogo" wanawake walilia, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayesema hivyo. Mjomba Severini akasema huo ni wosia na hauvunjwi. Shamba la chini ni lako kulima, urudi usirudi.

Chupa ya mbegu haikuingia maji, niliziba paa mwenyewe. Felista amezisia pale kijitoni, mimi na Kaka tunamwagilia asubuhi na jioni. Miche imetoka. Mingine inakatwa na wadudu shinani, na hapa kwetu hakuna anayejua dawa yake, sisi ni watu wa mahindi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija, mbwa hatabweka, na mimi sitauliza jina. Na kama huji, niandikie walau miche ihamishwe lini, ikiwa na majani mangapi.

Theresia